Uso wa Mwanasesere

Msomaji wangu, najua ya kuwa wewe sasa u mwanafunzi wa shule ya sekondari, na michezo ya utotoni umeiacha nyuma kama nyoka aachavyo gamba lake njiani. Huenda ukatabasamu ukiona mtu mzima, tena mwalimu, ameshika kalamu kuandika habari za wanasesere. Nakuomba usifunge kitabu. Jambo nitakalokusimulia lilitokea katika darasa langu mwenyewe, na kosa lililomo ndani yake ni langu mwenyewe. Nimeona afadhali nilikiri kwa maandishi, ili ulijue kabla hujapewa mtoto wa kumlea au darasa la kulifundisha.

Nilizaliwa na kukulia Sotik, katika nchi ya chai. Aliyepita kwa barabara itokayo Kericho kwenda Kisii anaijua nchi hiyo. Vilima hufuatana kimoja baada ya kingine, na michai imekatwa sawasawa kama nywele za kijana aliyetoka kwa kinyozi sasa hivi. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na mvua ya alasiri si mgeni kwetu. Katika mashamba hayo mama zetu huchuma majani mawili na chipukizi lake, wakayatupa nyuma katika vikapu walivyovibeba mgongoni. Jambo hilo la kubeba mgongoni ulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Sisi wasichana wa kijiji chetu hatukuwa na wanasesere wa dukani. Mwanasesere wetu alikuwa hindi changa lililokwanyuliwa shambani kwa siri. Zile nyuzi laini zitokazo kichwani mwa hindi, ambazo wengine huziita ndevu, sisi tuliziita nywele, tukazisuka mistari miwili au mitatu. Tulilivisha hindi letu kitambaa, tukalifunga mgongoni kwa leso, tukalibembeleza lisilie. Bibi yangu, ambaye kwa lugha yetu ya Kipsigis twamwita kogo, alipotukamata alitugombeza sana, akasema kuwa tunakula njaa ya mwezi ujao kwa kuvunja chakula kabla hakijakomaa. Lakini nilimwona mara nyingine akigeuza uso ili tusimwone akicheka.

Mwanasesere yule hakuwa na macho, wala pua, wala midomo. Hakuwa na uso kabisa. Basi uso tulimpa sisi, kila mmoja kwa kadiri ya mapenzi yake. Siku moja alikuwa na uso wa mdogo wangu. Siku nyingine alikuwa na uso wa shangazi aliyeolewa mbali. Hata jina tulimpa kwa utaratibu. Kwa desturi ya zamani ya Wakipsigis, mtoto anapozaliwa, watu wazima hutaja majina ya wazee wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Na jina lililotajwa wakati ule wa chafya huwa ndilo lake. Sisi tulitaja majina juu ya hindi letu, na kwa kuwa hindi haliwezi kupiga chafya, mmoja wetu alipiga kwa niaba yake. Kisha tulicheka mpaka tukaanguka majanini.

Miaka ilipita. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikaingia chuo cha ualimu, na baada ya kuhitimu nikapewa kufundisha watoto wadogo katika shule moja ya msingi isiyo mbali na nyumbani. Watoto walikuwa zaidi ya arobaini. Wengi walikuwa Wakipsigis, watoto wa wenye mashamba madogo. Lakini palikuwa pia na Wakisii, Waluo na Waluhya, ambao wazazi wao walikuja kufanya kazi ya chai wakapata makao. Mmoja alikuwa msichana mwenye ualbino. Alikaa dawati la mbele kwa sababu macho yake hayakuona mbali, na kila alipotoka nje alivaa kofia pana ya kumkinga na jua. Hakuwa msemaji. Mwalimu mwenye watoto wengi huwaona zaidi wale wapigao kelele, na mimi nilikuwa mwalimu wa namna hiyo.

Katika mwaka wangu wa pili msamaria mmoja alitupa zawadi ya kasha lililojaa wanasesere kumi na wawili. Nililipokea kwa shukrani, na hata leo simlaumu aliyetoa, kwani alitoa kwa moyo mwema. Wote kumi na wawili walikuwa sawasawa kama vidole vilivyokatwa kwa kipimo kimoja: ngozi nyeupe yenye wekundu kidogo, nywele za manjano zilizonyooka, na macho ya buluu yaliyofumba walipolazwa. Niliwapanga katika kona ya michezo, nikasema moyoni: Sasa watoto hawa watafurahi kuliko nilivyofurahi mimi na hindi langu.

Walifurahi kweli. Walishindania kuwagusa nywele. Lakini baada ya siku chache nilianza kuona jambo lililonishangaza. Watoto walipocheza kalongolongo, mchezo wetu wa kuigiza mambo ya nyumbani, mwanasesere hakuwa mtoto kamwe. Walimketisha juu ya kiti, wao wakaketi chini. Walimwandalia chai ya maji na majani katika vifuniko vya chupa. Walimpungia nzi. Mmoja alisema naye Kiingereza cha maneno matatu ayajuayo, kisha akarudi kwa wenzake akasema nao Kipsigis. Na mtoto waliyemhitaji katika mchezo wao walimtengeneza kwa sweta lililokunjwa, wakalibeba hilo mgongoni.

Nilimwuliza binti wa mchuma chai mmoja, msichana mchangamfu wa miaka sita, “Mbona mwanasesere huyu humbebi mgongoni?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yateremka bondeni. Akajibu, “Mwalimu, huyu si mtoto. Huyu ni madamu.”

Nikasema, “Nani aliyekuambia?”

Akasema, “Huyu hachumi chai.”

Msomaji, neno hilo lilinikaa moyoni. Nchi ya Kericho na Sotik ilipata mashamba makubwa ya chai katika wakati wa ukoloni, na ukoloni wenyewe katika Kenya uliisha mwaka 1963. Mtoto yule alizaliwa zaidi ya miaka hamsini baadaye. Hakumwona bwana shamba wa siku zile, wala mama yake hakumwona. Lakini alipowekewa uso ule mbele yake alijua mara moja kiti chake ni kipi na mkeka wake mwenyewe ni upi. Mimi niliyetaka kumpa kitu cha kupenda nilikuwa nimempa kitu cha kutumikia.

Nikakumbuka habari moja niliyoisoma nilipokuwa chuoni, nikairudia katika vitabu. Huko Marekani walikuwapo mume na mke, Kenneth Clark na Mamie Clark, Wamarekani weusi na wataalamu wa elimu ya nafsi. Katika miaka ya 1940 waliwapima watoto weusi 253 wa umri wa miaka 3 hadi 7. Watoto 134 walisoma katika shule za kusini, ambako watoto weusi na weupe walitengwa, na 119 walisoma kaskazini katika shule za mchanganyiko. Kila mtoto aliwekewa wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi, na wawili weupe wenye nywele za manjano. Kisha aliombwa mambo machache. Nipe mwanasesere unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Na mwisho: Nipe anayefanana nawe.

Watoto 67 katika kila mia walimchagua mweupe wa kucheza naye. Watoto 59 katika kila mia walisema wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Na walipofika ombi la mwisho, baadhi yao waliokwisha kumwita wa kahawia mbaya walitambua sasa kuwa yule mbaya ndiye anayefanana nao. Wako waliolia na kutoka chumbani. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1947. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa wakiwa na neno moja, kwamba kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa ajili ya rangi zao ni kinyume cha katiba. Na katika maelezo ya hukumu hiyo utafiti wa Kenneth Clark ulitajwa. Wataalamu waliofuata wamebishana juu ya namna ya kupima mambo hayo na kuyaeleza, na mabishano ndiyo kazi ya wataalamu. Lakini mimi, niliyekuwa na kona ya michezo katika darasa langu, sikuweza kusema kuwa habari ile ni ya watu wa mbali.

Nilijifunza na jambo la pili, ambalo litakufurahisha wewe usomaye lugha hii. Mwaka 1965 palitokea ghasia kubwa katika mtaa wa Watts, huko Los Angeles, watu 34 wakafa. Baada ya hapo Wamarekani weusi wawili, Lou Smith na Robert Hall, walianzisha shirika la kuwapa watu wa mtaa wao ujuzi na kazi. Na mwaka 1968, kwa msaada wa kampuni ya Mattel itengenezayo Barbie, wakaanzisha kiwanda cha wanasesere weusi. Walitafuta jina la kiwanda chao wakalikuta katika Kiswahili. Walikiita Shindana. Mwanasesere wao wa kwanza aliitwa Baby Nancy, na waliofuata baadhi yao walipewa majina ya Malaika, Tamu na Zuri. Kabla ya hapo wanasesere weusi wengi waliouzwa walikuwa wale wale weupe waliopakwa rangi, pua ile ile na midomo ile ile. Watu wa Shindana hawakutaka rangi ya juu juu. Walitaka uso wenyewe. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983, lakini mwaka 2020 Baby Nancy aliingizwa katika jumba la Marekani linalotunza kumbukumbu za vitu vya kuchezea vilivyo bora.

Nilipoyasoma hayo nilijiuliza: Watu walio ng'ambo ya bahari walitafuta jina katika lugha yetu ili wampe mtoto wao uso, na sisi tulio nayo lugha hiyo tumefanya nini? Wala si kweli kwamba Afrika ya Mashariki haikujua wanasesere. Wazaramo wa pwani ya Tanzania walichonga kwa mti mwana hiti, asiye na mikono wala miguu, lakini mwenye kichwa kilichosukwa vizuri. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa amtunze kama mtoto, amwoshe na ampake mafuta. Waturkana wa kaskazini ya Kenya walitengeneza wanasesere kwa mti au kwa tunda la mkoma, wakawavika ngozi na shanga kama wasichana wenyewe walivyovaa. Kila mmoja wa hao alimwambia msichana aliyemshika: Huyu ni wako, nawe wajua namna ya kumpenda.

Basi nikakata shauri. Nilikwenda sokoni Sotik, nikamwomba fundi cherehani mabaki ya vitambaa, naye alinipa mfuko mzima bila ya malipo. Jumamosi moja mama kumi na mmoja walikuja shuleni, wengine mikono yao ingali myeusi kwa utomvu wa chai. Tulishona tangu asubuhi mpaka mvua ilipoanza. Wengine tuliwashona kwa kitambaa cha rangi ya udongo, wengine rangi ya kahawa iliyokaangwa, wengine rangi ya chungu kilichokaa mekoni miaka mingi. Nywele tulizifanya kwa uzi mweusi wa kufumia, tukazisokota. Matumbo tuliyajaza matambara. Siwezi kukuambia kuwa walikuwa wazuri wa kuuzwa dukani. Mmoja shingo yake ililegea tangu siku ya kuzaliwa. Lakini walikuwa na nyuso za watu wa kwetu.

Jumatatu, mbele ya watoto wote, niliwakusanya wale weupe kumi na wawili, nikawatia kabatini, nikafunga kwa ufunguo, nikautia ufunguo mfukoni. Kisha nikawapa watoto wale wapya. Sikueleza neno. Nilidhani kitendo changu chatosha kuwa maelezo.

Wiki ile ilikuwa ya furaha kubwa. Sweta zilirudi kuwa sweta. Wanasesere walibebwa mgongoni, walinyonyeshwa, walikemewa, walilazwa. Binti yule wa mchuma chai alimketisha wake mapajani, akaanza kutaja majina ya ukoo wake, na alipofika kwa jina alipendalo akapiga chafya kubwa ya bandia. Nilisimama mlangoni nikageuza uso kama kogo, ili nisionekane. Nilijiona mwalimu mwenye hekima.

Siku ya Ijumaa, watoto wengine walipokwisha toka, msichana yule mwenye kofia alibaki karibu na meza yangu. Aliishika kofia kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, yule wangu umemfunga kwa sababu gani?”

Nikasema, “Wako yupi?”

Akasema, “Yule mweupe. Mimi nilikuwa nikimbeba.”

Kabla sijapata jibu, mvulana mmoja aliyerudi kuchukua kalamu yake aliyesikia maneno hayo alisema, si kwa ubaya, bali kama mtu anayemsaidia mwenzake kuelewa, “Wale walifungwa kwa sababu ni wabaya.”

Msomaji, nimewahi kukemewa na wakuu wangu, na nimewahi kushindwa mtihani. Hakuna lililonishusha kama neno la mvulana yule. Katika watoto wote wale, mmoja tu alikuwa amembeba mwanasesere mweupe mgongoni kama mtoto, nami sikumwona, kwa sababu hakupiga kelele. Wenzake walizoea kumwita mzungu kwa dhihaka. Yeye alikuwa amepata katika kasha lile kitu kilichokaribiana na rangi yake, akakipenda. Nami nikakichukua mbele ya watu wote nikakitia gerezani. Wale watafiti wa Marekani waliwauliza watoto: Nipe anayeonekana mbaya. Mimi sikuwauliza. Mimi niliwajibia kwa ufunguo wangu.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa nilikuwa nimesoma kitabu vizuri na darasa vibaya. Nilidhani ubaya wa kasha lile ulikuwa weupe wa wanasesere. Haukuwa weupe. Ubaya wake ulikuwa umoja wake: nyuso kumi na mbili zilikuwa uso mmoja, na mtoto asiyekuwa na uso ule hakuwamo. Nami kwa kuondoa uso mmoja na kuweka nyingine, nilikuwa nimeusogeza ukuta tu; nilimwingiza mmoja nikamtoa mwingine. Mkono uliofunga lile kabati ulikuwa mkono wa mtu mweusi mwenye nia njema, lakini mlango uliofungwa haujui nia ya aliyeufunga.

Nilifungua kabati saa ile ile. Msichana alimtambua wake katikati ya kumi na wawili waliofanana, ingawa mimi sikuweza kuona alama yoyote. Siku ya pili ya masomo niliketi naye chini ya mti, nikamwuliza kama mwanasesere yule anafanana naye. Alimgeuza mara mbili tatu, akamchunguza kwa karibu sana kama afanyavyo kwa kila kitu. Kisha akasema, “Nywele zake si zangu. Na hana kofia. Jua litamchoma.”

Alisema kweli. Mtu mwenye ualbino hakupungukiwa na ukoo wala na kabila. Amepungukiwa na ile rangi ya asili katika ngozi, nywele na macho, ambayo huwakinga wengine na jua, nayo hali hiyo huirithi kwa wazazi wake wote wawili. Nchini Kenya watu hao walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, wakapatikana zaidi ya 9,000. Uso wa msichana yule ulikuwa uso wa Kikipsigis, pua ya baba yake na midomo ya mama yake, na nywele zake ngumu zilisokotana kama za dada zake, ila tu zilikuwa za rangi ya mkonge. Mwanasesere wa kiwandani hakuwa yeye, wala yule wa rangi ya kahawa hakuwa yeye. Alikuwa amechagua jirani kwa sababu hapakuwa na ndugu.

Mama yake alikuja Jumamosi iliyofuata. Alileta kitambaa cheupe kilichozeeka mpaka kikawa na rangi ya maziwa ya chai. Nywele tulizifanya kwa nyuzi za mkonge, tukazisokota kwa maji mpaka zikajikunja. Msichana mwenyewe hakushona mwili. Alishona kofia, na aliifanya pana kupita kiasi, hata mwanasesere alipovikwa alionekana kama uyoga. Jumatatu alimleta darasani. Nilikuwa nimekwisha waeleza watoto, kwa maneno mepesi, kwa nini nilifunga kabati, na kwamba nilikosea. Waliniuliza, “Hata mwalimu hukosea?” Nikajibu, “Naam, na akikosea husema.” Kisha tukaketi duara. Tulitaja majina ya ukoo wa msichana yule, aliyotufundisha yeye. Tulipofika jina la tano, yeye akapiga chafya, na darasa zima likapiga baada yake.

Sitakudanganya kwamba dhihaka ilikwisha siku ile. Mwezi mmoja baadaye nilisikia tena mtoto akimwita mzungu uwanjani. Lakini nilisikia vilevile sauti ya yule binti wa mchuma chai ikisema, “Si mzungu. Ni wa ukoo wa kwao, sisi tulipiga chafya.” Na kabla ya mwisho wa muhula karibu kila mwanasesere darasani alikuwa na kofia, maana watoto walisema kuwa jua la Sotik halichagui.

Wako watakaokuambia kuwa haya yote ni makuu yasiyo na maana, kwamba mtoto hucheza na chochote, na mimi mwenyewe nimekwisha kukiri kuwa nilicheza na hindi. Nakubali. Mtoto aweza kumpenda mwanasesere asiyefanana naye, na ni vizuri ampende, kwani kwa njia hiyo hujifunza kuwa mgeni naye hubebwa. Leo wale weupe wamo katika kona yetu pamoja na wengine, nao sasa hubebwa mgongoni, kwa sababu wameacha kuwa peke yao. Lakini hindi halikuwa na uso. Lilingoja uso kutoka kwangu. Mwanasesere wa kiwandani huja na uso uliokwisha kuamuliwa na mtu mwingine, naye huyo, ajue asijue, amewaambia watoto nani anastahili kutunzwa. Basi nyuso zinazoamuliwa ziwe nyingi, ili pasiwe na mtoto anayepekua kasha mpaka chini asijikute.

Wewe msomaji, siku si nyingi utakuwa mzazi, au mwalimu, au mwenye duka anayeagiza bidhaa, au fundi mwenye mabaki ya vitambaa. Sikuagizi ununue wanasesere wa bei. Sindano moja na kitambaa kilichochakaa vyatosha. Nakuomba neno moja tu: unapowawekea watoto kitu cha kupenda, usiwatazame wale wanaokishindania peke yao. Tazama na yule aliyesimama pembeni ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwulize anatafuta nini. Na kama una ufunguo mfukoni, utoe.